Kipande Kilichokwenda Dar es Salaam

Hunijia mchana, saa ile jua la Ufipa linapopata nguvu kidogo na baridi kuachia mabega. Nikiegemea ukuta nikafumba macho, nasikia kengele ya baiskeli yake ikilia bila sababu, maana barabara yetu haikuwa na mtu wa kupishwa. Alikuwa akiupigia upepo. Halafu naiona kaptura ya kaki, soksi zilizopanda hadi magotini, na mkoba wa ngozi uliovimba kwa karatasi. Nikifumbua macho hayupo, nami nabaki na hasira ndogo nisiyojua niipeleke kwa nani.

Tulimwita Bwana Afya. Jina lake hatukulijua na hatukuona haja ya kulijua, kwa kuwa Bwana Afya alikuwa mmoja tu kutoka kwetu mpaka karibu na Mwazye. Serikali ilipotukusanya katika kijiji cha ujamaa na kutupangia nyumba kwa mistari, yeye tulimkuta ameshafika, anapima kwa hatua mahali pa kuchimba vyoo. Sisi tunalilia makaburi ya wazee tuliyoyaacha kule, yeye analilia vyoo. Mama yangu akasema, "Huyu ama ni mwendawazimu, ama anatupenda sana." Mpaka leo sijaamua, ingawa naelekea kuamini alikuwa vyote viwili.

Hakuwa mtu wa kuuliza habari za watoto wala za shamba. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku macho yake yameshapita nyuma ya nyumba.

"Choo hakijambo?"

"Hakijambo, Bwana Afya, kinakusalimu," mama humjibu.

Sisi tunavunjika mbavu. Yeye hacheki. Anakwenda, anainama mlangoni, ananusa, anarudi kusema kifuniko kimepasuka, kisha anachuchumaa mwenyewe kukitengeneza kwa kisu chake cha mfukoni. Alifanya hivyo kwa mwenyekiti wa kijiji na alifanya hivyohivyo kwa bibi kizee asiye na mtu. Sijapata kumwona mwanamume mwingine anayejua vyoo vya watu kama alivyovijua yule, na nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba hayo pia ni mapenzi.

Kwa jambo lililokishinda kisu, alikuwa na neno moja: "Nitaandika." Nyama imeuzwa ina minyoo, nitaandika. Kisima kimeingiwa na chura, nitaandika. Ukimkumbusha baada ya mwezi, anaupapasa mkoba na kusema, "Tumeshaandika." Watoto wakampachika jina hilo, wakawa wanakimbia nyuma ya baiskeli wakiliimba: Tumeshaandika, Tumeshaandika! Aliandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi za kwetu mwezi wa saba. Kila barua alinipa niisome kwanza, maana nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nikifundisha kisomo cha watu wazima. "Tekla, hebu tazama kama nimekosa adabu mahali," ataniambia. Hakuwa amekosa. Adabu yake kwa serikali ilikuwa kubwa mno.

Katika barua zake zote, ninayojua kwamba ilijibiwa upesi ni moja, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

Alilichukia paa la nyasi kuliko alivyomchukia shetani. Nyasi ni nyumba ya panya, alisema, ni nyumba ya papasi, ni nyumba ya moto. Akaandika kuomba bati kwa ajili ya shule na zahanati. Siku moja lori likatokea Sumbawanga likipiga honi toka mbali, limebeba bati nene za kijivu zenye mawimbi, ambazo tulikuwa hatujapata kuziona. Hazikuwa za chuma, tukaziita bati za simenti. Kwa barabara ile, nyingi zilifika zimevunjika, na vipande vikamwagwa nyuma ya zahanati, lundo refu kuliko mtu. Nani angejali? Zilizopona zilitosha, na siku hiyo tulicheza ngoma mpaka tukachoka.

Siku ya kuezeka shule, Bwana Afya alipanda juu ya kasha akatuhutubia habari za papasi. Fundi alikuwa juu akikata bati kwa msumeno, na vumbi jeupe likashuka polepole juani, likimeremeta, likitua kwenye nywele zetu na kwenye mabega ya watoto waliosimama mbele. Palikuwa pazuri, jamani. Naliota vumbi lile hata sasa, na ndani ya ndoto huwa silikimbii. Katikati ya hotuba, Bwana Afya akanyamaza. Akashuka, akaokota kipande, akakikwangua ukingo kwa ukucha, na pakatoka nyuzi nyeupe, laini kuliko nywele za mtoto mchanga. Akazitazama mpaka watu wakaanza kuguna.

"Fundi," akasema, "shuka."

Fundi hakushuka. Nani ashuke siku ya kuezeka?

Jioni ile alikuja kwetu kumweleza mama, kwa kuwa mama alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alisema nyuzi zile anazijua. Ujanani, enzi za Mkoloni, alifanya kazi karakana ya reli, wakifunga mabomba ya mvuke kwa kitu mfano wa pamba kinachoitwa asbesto. Saa ya chakula walikuwa wakirushiana mabonge yake kwa mchezo. Wenzake aliokuwa akila nao sinia moja walikwisha kwa kifua, mmoja baada ya mwingine, wanahema kama wanaopanda mlima ilhali wamelala kitandani. Daktari mmoja alimnong'oneza kwamba ni vumbi lile.

"Mimi nilihamishiwa stoo mapema," akasema. "Ndiyo maana mnaniona."

"Karatasi ya daktari iko wapi?" mama akauliza.

"Alininong'oneza tu, Mama Tekla. Hakuandika."

"Wewe uliyeomba bati, leo wewe unasema ni sumu?"

"Mimi niliyeomba."

Mama akamtazama kwa muda. "Basi andika tena," akasema.

Nimweleze mama yangu kidogo, maana bila yeye Bwana Afya angebaki mtu wa vyoo tu. Mama alikuwa mfinyanzi. Udongo mtupu haufai kwa chungu, ukikutana na moto unapasuka, kwa hiyo mfinyanzi huponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, hupepeta, na unga wake huuchanganya na udongo. Hata hivyo mitungi mikubwa ya pombe ya ulezi ilimtesa. Mingi ililia tah! motoni, na kila mlio ulikuwa ni wiki nzima ya mikono yake. Siku moja akapita nyuma ya zahanati, akaokota kipande cha bati, akaziona zile nyuzi. Akaja nazo nyumbani, akazitia kwenye kaa la moto. Hazikuungua. Mtu mwingine angeshangaa akaenda zake, lakini mfinyanzi hawezi. Alijaza kapu, akaviponda vile vipande kinuni, akapepeta, akachanganya, akachoma. Mtungi haukupasuka. Wa pili nao haukupasuka. Mama akapiga kigelegele peke yake pale penye majivu. Baada ya msimu mmoja wanawake wa safu yetu nzima walikuwa wakiponda bati, na mitungi yetu ikipakiwa kwenye malori hadi Namanyere.

Toka hapo Bwana Afya hakuwa na raha. Alikuja uani kwetu kila wiki, akaweka kigoda upande unakotoka upepo, kamwe si upande unakokwenda. Watu wakasema anamposa mjane. Midomo ya watu! Alikuwa anakuja na ndoo ya maji.

"Angalau lowesha, Mama Tekla."

"Unga uliolowa nitaupepeta vipi, Bwana Afya? Wewe ulishapepeta?"

Akamletea kitambaa cha kufunga mdomoni, mama akafungia mbegu za maharage. Siku moja uvumilivu ulimwishia, akaimwaga ndoo nzima ndani ya kinu. Mama akachukua ndoo yetu akammwagia yeye. Wakasimama wote wawili wamelowa chepechepe, katika baridi ile ya kwetu isiyo na mchezo, wanatazamana. Ndiyo siku pekee niliyomwona Bwana Afya akicheka, na alicheka vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Mama hakuwa mkaidi. Hilo nataka lieleweke. "Serikali ndiyo iliyonihamisha," alimwambia, "nikahama. Ikasema tujenge shule, nikabeba mawe. Siku itakayosema vipande hivi ni sumu, nitaacha siku hiyohiyo, na safu yangu yote itaacha. Lakini niache kwa sababu ya mnong'ono? Serikali yetu haiwezi kutuezekea watoto sumu, Bwana Afya. Uliza, watakujibu."

Akauliza. Barua zilikwenda na majibu yakaja, nami nikayasoma kwa sauti uani: barua yako imepokelewa, suala lako linashughulikiwa. Miaka ikapita vivyo hivyo. Halafu, siku moja ya ukungu, Landrova ikaja na afisa kutoka mjini. Akalizunguka lundo mara moja, akatazama juu kwenye paa la shule, akala kuku. Akaokota kipande kimoja, akakifunga kwenye gazeti mbele ya macho yetu, akasema kitakwenda Dar es Salaam kupimwa na wataalamu. Tukampigia makofi. Bwana Afya alipiga makofi kuliko wote, machozi yanamlengalenga.

Sijui niwaelezeje jinsi tulivyokiwaza kile kipande. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kufika Dar, kwa hiyo kilisafiri kwa niaba yetu. Wanawake wakiwa wanafinyanga, mmoja atasema, "Sasa kitakuwa kimefika Mbeya." Mwingine atasema, "Kinapanda treni." Tukakilaza kwenye meza kubwa karibu na dirisha, kinaitazama bahari, mabwana wenye makoti meupe wamekiinamia. Ilikuwa raha kuwaza hivyo, mikono ikiwa ndani ya udongo wa baridi na vumbi la kinu likielea juani. Mama kila alipomwona Bwana Afya aliuliza swali moja tu.

"Kipande kimerudi?"

"Tumeshaandika," humjibu.

Nisiwafanye mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa anatufukuza kwenye moshi wa jiko huku puani mwake amejaza ugoro, akipiga chafya mpaka kofia inaanguka. Alilala madirisha wazi Ufipa, akawa na mafua mwaka mzima, akasema ni hewa safi. Na uongo ulimshinda kabisa. Walipokuja wakaguzi, mwenyekiti alimwomba aseme nyumba zote zina vyoo. Akasimama, akasema zina vyoo isipokuwa mbili, na moja ni yangu, shimo limetitia. Mwenyekiti alikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Kwa hiyo nilijua ninaomba jambo gumu siku nilipomfuata zahanati. Mama alikuwa ameanza kupumzika njiani akitoka kisimani, mara mbili, mara tatu, na ndoo haijajaa. Nilimwambia, "Bwana Afya, mwambie kimerudi. Neno moja tu. Ataacha."

Akavua kofia. "Nikimdanganya kwa hili, Tekla, kesho nikimwambia achemshe maji ataniamini vipi? Sina kitu kingine hapa kijijini. Ninacho hicho tu, kwamba sisemi uongo."

Nilimheshimu sana. Laiti ningemheshimu kidogo tu.

Baadaye akahamishiwa Kirando, ziwani. Aliondoka na baiskeli yake ileile juu ya lori la mahindi, na watoto hawakumwimbia. Bati zilibaki juu ya shule, lundo likabaki pale, linapungua kwa makapu. Mama tulimpeleka hospitali. Wakasema kifua kikuu, wakampa dawa. Kisha wakasema si kikuu, na hawakusema ni nini. Alikufa mwezi wa sita, mchana, jua likiwa limeingia mpaka kitandani.

Miaka mitatu baadaye nilishuka Kirando na magunia ya maharage kubadilishana na dagaa. Nikauliza habari zake, wakanionyesha. Alikuwa amekaa mlangoni, amestaafu, soksi zimeteremka, anakohoa kikohozi kifupi kikavu ambacho nilikitambua kabla sijamtambua yeye. Nikatazama juu ya nyumba.

"Shikamoo, Bwana Afya. Nyasi?"

"Marahaba, Tekla." Hakuonyesha kushangaa kuniona. "Panya akija, namwona."

Harufu ya dagaa wanaoanikwa ilikuwa kila mahali. Halafu akauliza, "Mama?"

"Tulimzika."

"Kifua?"

"Kifua."

Akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kopo kubwa. Humo akatoa furushi la gazeti lililogeuka rangi, akanipa, na gazeti lile nililijua. Nilikuwa nimesimama pale lilipokunjwa.

"Siku ya pili yake nilimfuata yule bwana kwa baiskeli," akasema, "nikampelekee barua moja niliyoisahau. Nikakikuta kipande chini ya daraja, pale tu unapotoka kijijini. Pengine kilianguka. Landrova zinarukaruka."

"Kilianguka kikiwa kimefungwa hivi?"

"Barabara ile, unaijua..."

"Bwana Afya!"

Akainamisha kichwa. "Kilitupwa, Tekla," akasema, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka. "Nikaendelea kuandika. Nikifikiri watatuma mwingine."

"Na sisi tukikaa tunakisindikiza mpaka Mbeya! Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia mama yako serikali imekitupa, angesema, basi hakina neno. Angeponda kwa amani kabisa. Nikaona heri angoje. Nilidhani anayengoja ataingiwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi ataacha."

"Hakuacha."

"Hakuacha."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka, na kipande kilikuwemo mkononi. Mzee yule, aliyejua kutengeneza vifuniko vya vyoo vya watu wote, alinitazama bila kujikinga, nami nikamchukia na kumpenda kwa pamoja. Nikakaa chini.

"Alikufa akingoja?" akauliza.

"Hapana. Siku ya mwisho aliniuliza kama kimerudi. Nikamwambia kimerudi. Nikamwambia wamesema ni sumu."

Alikohoa kwa muda. "Akasemaje?"

"Alikasirika. Akasema, 'Sasa mmekaa hapa mnanitazama nini? Kawaambie wanawake waache. Kakivunje kinu changu.'"

Bwana Afya akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Sauti yake ilitoka humo ndani ya viganja. "Kumbe angeacha. Siku hiyohiyo, kama alivyosema."

"Siku hiyohiyo."

"Na wale wengine? Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakauliza barua iko wapi. Wanaponda mpaka leo."

Akaomba nimshikie kopo, akaenda kuuchukua mkoba. Ulikuwa umepungua unene. Akaweka karatasi juu ya goti, akaandika kwa wino wa buluu, mwandiko umelala upande uleule, lakini hakuanza na yale maneno yake ya kiofisi, "Husika na somo lililotajwa hapo juu." Hakuniuliza kama amekosa adabu. Aliandika: Kipande kimerudi, ninacho. Ni sumu, nimewaona watu niliokula nao wakifa kwayo, na Balozi amekufa. Serikali haijasema, ninasema mimi. Acheni kuponda leo. Chini yake, mahali alipokuwa akiandika cheo chake siku zote na kuacha nafasi ya mhuri, akaandika jina lake, majina yote mawili. Ndivyo nilivyolijua.

Niliwasomea wanawake barua ile uani kwa Yustina, aliyejifunzia kazi kwa mama. Vumbi lilikuwa likielea juani kama siku zote, na kipande kilikuwa katikati yetu juu ya gazeti lake. Nilipofika mwisho nikasoma na jina. Wakatazamana.

"Ndiye nani huyo?" Yustina akauliza.

"Tumeshaandika," nikasema.

Yustina akakitazama kipande, akautazama mchi uliokuwa mkononi mwake. Akauegemeza ukutani, akaingia ndani kuchukua ndoo ya maji, akaja akaimwaga yote kinuni.